Swali la Mwisho la Mzee Dakika Arobaini

Wafiwa, majirani, wenzake wa kazini, na nyinyi mliofika kwa sababu tu mashine aliyowauzia bado inazunguka, poleni, na asanteni kwa kuja. Familia imemtuma mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, asimame hapa asome maisha ya mjomba wake tangu mwanzo hadi mwisho, naye ameagizwa asiongeze chumvi wala asifiche doa, kwa kuwa marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa kugeuza nguo ndani nje kabla ya kuifua.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 9 Agosti 1953, katika chumba cha pili kushoto cha nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya watano, baba yake akiwa mpaka rangi wa mabehewa na mama yake akiwa dobi aliyefulia watumishi wa hospitali na nyumba za wageni, mwanamke ambaye viganja vyake vilipasuka kwa sabuni hata akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano bila kumwita mtoto. Katika watoto wale watano amebaki mmoja, dada yake, ambaye ndiye yule aliyeketi hapo mbele na ambaye tangu juzi anakataa kulia mbele za watu, amejikaza kisabuni.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia Januari 1961 hadi Novemba 1967, akaendelea na sekondari kuanzia 1968 hadi 1971, ambako walimu waliandika kwamba ni mwepesi wa hesabu na mzito wa kusema, na tarehe 10 Januari 1972 akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme wa majumbani. Alihitimu tarehe 7 Desemba 1973, akiacha nyuma sifa moja tu, kwamba aliwahi kufungua feni ya mkuu wa chuo bila ruhusa ili ajue inapiga kelele wapi, akairudisha na skrubu mbili zikambakia mkononi, na feni ikanyamaza tangu siku hiyo.

Kazi yake ya kwanza aliianza tarehe 4 Februari 1974, katika chumba cha kufulia cha hospitali, akitunza mashine zilizofua mashuka ya wagonjwa usiku na mchana, na katika miaka saba aliyokaa pale alijifunza jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui mpaka wanazeeka, yaani kila mashine ina kiungo kinachokufa kwanza, na ukishakijua hicho umeijua mashine nzima. Tarehe 1 Juni 1981 akaajiriwa katika duka la vyombo vya nyumbani lililokuwa kwenye mtaa wa maduka ya vitambaa, likimilikiwa na mama mmoja mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mwenye Duka, akachukuliwa kama fundi wa kufunga mashine majumbani, na ndani ya mwaka mmoja akawa ndiye muuzaji, kwa sababu wateja walipomuuliza Mama Mwenye Duka swali lolote, yeye alielekeza kidole kwa fundi.

Pale dukani palikuwa na bomba la maji kwenye kona, tundu la maji machafu nyuma kushoto, benchi la watu wanne, na mashine tatu zilizopangwa dirishani, na mojawapo ya hizo ilikuwa ile ambayo watu waliipa jina la Nzito, mashine ya kilo tisini na mbili, isiyo na taa wala pambo, yenye mlango wa chuma na pipa la chuma, iliyohitaji wanaume wanne kuishusha garini na ambayo, ikishakaa, hukaa. Utaratibu wa marehemu ulikuwa mmoja tu, haukubadilika kwa tajiri wala maskini: hakuuza Nzito kwa mtu ambaye hajaleta nguo chafu ya nyumbani kwake. Mteja alirudi na nguo yake, aliipakia mwenyewe, aliketi kwenye benchi, na kwa dakika arobaini, ambao ndio muda wa mzunguko mmoja, marehemu aliketi naye akimuuliza nyumba ina watu wangapi, maji yanatoka siku zipi, sakafu ni ya saruji au ya mbao, na nani hasa ndiye atakayefua. Ndipo akapewa lile jina ambalo limemshika mpaka kaburini, Dakika Arobaini, na miaka ilipoongezeka likatanguliwa na Mzee.

Watu walimcheka, wakisema anauza mashine kama mtu anayeposa, na kweli yuko bibi harusi mmoja aliyefika na pesa yake taslimu akanyimwa Nzito kwa kuwa chumba chake kilikuwa ghorofani juu ya mbao, akapelekwa kwa mkono duka la jirani akanunue nyepesi. Mama Mwenye Duka alishika kichwa siku ile, lakini hesabu za mwaka zilimkalisha kimya, maana katika kila mashine kumi zilizotoka dukani mwake saba zilikuwa Nzito, ingawa ilikuwa ghali kuliko zote na haikupendeza macho. Marehemu alikuwa na ugomvi wa maisha na ile methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, akisema aliyeitunga hakuwahi kusimama dukani hata siku moja, kwa sababu kizuri hakijiuzi, kizuri kinahitaji mtu wa kukaa nacho na kukieleza, na kibaya ndicho kinachojiuza chenyewe kwa kung'aa.

Ndoa yake ilitoka kwenye benchi lile lile. Mwaka 1983 alifika mwalimu mmoja wa kike akiwa na mapazia ya bwalo la shule, akakaa dakika zake arobaini, hakununua, akarudi wiki iliyofuata na mapazia, na wiki ya tatu tena na mapazia, mpaka Mama Mwenye Duka akamvuta marehemu pembeni na kumweleza kwamba hakuna mapazia duniani yanayochafuka upesi namna ile. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1983, na tarehe 2 Mei 1986 wakajaliwa mtoto mmoja wa kike, ambaye tutamwita Binti kama alivyomwita baba yake, naye hawakumpatia mdogo wa kucheza naye. Mwalimu alifariki tarehe 23 Septemba 1999 kwa shinikizo la damu, Binti akiwa na miaka kumi na mitatu. Tangu hapo marehemu alikuwa wa kwanza kufungua duka na wa mwisho kulifunga, na Binti alitoka shule akaenda kufanyia mazoezi yake kwenye kipande cha benchi kilichobaki wazi, na mteja akija alisogea, na wa pili akija alisimama.

Tarehe 31 Machi 2006 Mama Mwenye Duka, magoti yakiwa yamemshinda, alifunga duka, na kampuni iliyoagiza zile mashine ikahamishia biashara yote kwenye supamaketi kubwa iliyokuwa imefunguliwa barabara ya juu, marehemu naye akahamishwa pamoja na bidhaa. Mashine haikubadilika hata skrubu moja, lakini mle ndani ilipangwa katika safu ya mashine kumi na saba, jirani zake wakiwa na taa za buluu na vioo, kila moja na bei yake kwa tarakimu kubwa, pasipo bomba, pasipo benchi, na kwa agizo la msimamizi kwamba mteja asizuiwe zaidi ya dakika tano kwa kuwa anatakiwa afike kwenye mboga. Mwaka mzima wa kwanza, katika kila mashine thelathini zilizouzwa, Nzito ilikuwa moja. Marehemu alisimama kando yake tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, shati limepigwa pasi, mikono nyuma, watu wakimpita na vitoroli kana kwamba na yeye ni sehemu ya rafu, na aliwahi kumwambia dada yake kwamba hajawahi kuzungukwa na watu wengi kiasi kile wala kuwa peke yake kiasi kile.

Kampuni ilipotangaza kwamba zisipouzwa Nzito arobaini mwaka ule haitaagizwa tena, alipiga moyo konde, na Jumamosi tarehe 12 Julai 2008 alileta mpira wa maji kutoka nyumbani, akauvuta kutoka kwenye sinki la wauza samaki, akaweka viti vinne vya plastiki vya kuuzwa, akaomba nguo chafu kwa wapita njia, akapata koti la mwashi. Watu kumi na mmoja walisimama kutazama, wawili wakasema watanunua, na wenzake wa zamu ile, ambao baadhi yao wako hapa, wanashuhudia kwamba hawakuwahi kumsikia akisema kwa raha namna ile. Kasoro ilikuwa moja, kwamba kwa mazoea ya miaka ishirini na mitano alitupa mpira wa maji machafu nyuma kushoto bila kugeuka kutazama, kwa kuwa nyuma kushoto ndiko liliko tundu, na nyuma kushoto ya supamaketi ndiko ilikopangwa sukari. Koti lilitoka safi. Sukari iliyoyeyuka iliwashika watu viatu mpaka mlangoni, na mwisho wa mwezi marehemu akapewa barua ya kustaafu yenye maneno ya adabu.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilikaa jana na kubishana kama pasomwe, na aliyesema pasomwe ni Binti mwenyewe. Yeye alisomea biashara, na mwaka 2013 akaajiriwa na kampuni inayouza vyombo vya nyumbani kupitia simu, ambako mteja huona picha, hubonyeza, na gari humletea mzigo mlangoni. Jumapili tarehe 15 Novemba 2015 alimtembelea baba yake na ombi, kwamba kampuni yake iko tayari kuiagiza Nzito na kuiuza kwenye simu, na anataka maelezo yaandikwe na baba. Marehemu, akiwa na kidonda cha moyoni cha sukari ile ya supamaketi bado kibichi, alimjibu kwamba kumuuzia mtu asiyemwona kitu asichokigusa si kuuza, ni kurusha mzigo juu ya ukuta na kutumaini kwamba upande wa pili kuna mtu. Akaongeza kwamba anamwonea haya mtoto aliyekulia dukani kwenda kufanya kazi hiyo. Binti alisimama, akachukua mkoba wake, akasema maneno ambayo mpwa aliyasikia kwa masikio yake, kwa kuwa alikuwa ameketi pale pale: "Baba, wageni uliwakalisha dakika arobaini. Mimi hukunikalisha hata tano."

Hawakusemezana tena kwa mdomo. Salamu zilipitia kwa shangazi yake Binti, kisha zikapungua, kisha zikawa za kuulizana kama yupo mzima.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya upweke, na hakuna sababu ya kuupaka rangi. Marehemu aliishi katika nyumba yake ya vyumba viwili, na Nzito yake mwenyewe ilikaa kwenye ukumbi wa nyuma, akifua kila Jumatano mashati mawili, suruali moja na taulo, na akikaa mbele yake kwenye kigoda mpaka izime. Alikuwa ameuza Nzito mia tatu na kumi na moja katika maisha yake, na alikumbuka ziko nyumba gani, lakini kitu kizuri kina ubaya wake, kwamba hakiharibiki, na kisipoharibika fundi haitwi. Aliwahi kutembea mpaka kwenye nyumba moja akagonga geti, akitaka tu kuisikiliza mashine inavyokamua, akatoka dada wa kazi ambaye alikuwa hajazaliwa ilipofungwa, akamwambia kwa heshima zote kwamba mashine haina tatizo, asante mzee, na geti likafungwa. Alirudi akamweleza dada yake, kwa mzaha ambao haukumchekesha mtu, kwamba laiti angeuza mbovu angekuwa na marafiki.

Mwishoni mwa mwaka 2021 mpwa alimnunulia simu ya kisasa, akamwonyesha namna ya kusoma habari, na marehemu, ambaye hakumwambia mtu, akalitafuta lile duka la kwenye simu. Aliikuta Nzito. Binti alikuwa ameiweka hata hivyo, kwa picha moja ya mbele na mistari miwili ya maelezo, na ilikuwa imenunuliwa mara nne tu, kwa kuwa kwenye picha uzito hauonekani. Chini ya kila bidhaa kulikuwa na sehemu ya mteja kuuliza, na swali na jibu lake husomwa na kila anayepita. Alhamisi tarehe 3 Machi 2022, akijiita Mteja Mpya, aliuliza hivi: "Bawaba ya mlango ni chuma au bati lililopakwa rangi?"

Kampuni ina watu kumi na wanne wa kujibu maswali ya wateja, na Binti ndiye mkuu wao, wala si kazi yake kujibu. Lakini hakuna mteja duniani anayeanza na bawaba. Alishuka ghalani, akaifungua mashine moja, akarudi akaandika: "Ni chuma, mteja wetu. Tumeifungua kuhakikisha, tukianza na ile skrubu inayozunguka kinyume." Skrubu ile, jamani, haimo kwenye kitabu cha mashine, na marehemu alikuwa amemwonyesha mtu mmoja tu, msichana wa miaka kumi na miwili, siku moja ya mvua ambayo wateja hawakuja.

Wakaanza hivyo, kila mmoja akijua na kila mmoja akijifanya hajui. Aliuliza kuhusu mpira wa mlango, kuhusu mtikisiko, kuhusu maji ya chumvi, wakati mwingine maswali mawili kwa wiki, na kila moja lilijibiwa kwa urefu na kwa ukweli, pamoja na yale ambayo jibu lake lilikuwa kwamba mashine hii haifai. Wateja wengine walisoma, wakaanza kununua, na mwaka 2023 ulipokwisha ile mashine isiyouzika katika supamaketi ilikuwa inauzwa kwenye simu kwa mwezi mmoja kwa wingi kuliko alivyoiuza Mama Mwenye Duka kwa mwaka, jambo ambalo wakubwa wa kampuni walilieleza kwa sababu nyingi za kitaalamu. Marehemu aliuliza kama inamfaa mtu anayeishi peke yake, akajibiwa kwamba inamfaa, ila si vizuri kuiendesha nusu mzigo, aalike watu. Binti naye alipata njia yake, akiandika mwishoni mwa majibu kwamba wateja wenye umri wanashauriwa wasinyanyue ndoo za maji, wala wasikae muda mrefu kwenye vigoda visivyo na mgongo. Marehemu alinunua kiti. Maswali yale yalifika mia moja na kumi na mawili, na hakuna mmoja wao aliyethubutu kuandika neno baba wala neno mwanangu, kwa kuogopa kwamba likiandikwa mwingine atanyamaza.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Januari 2024, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Jumamosi tarehe 4 Mei 2024 aliuliza swali lake la mwisho, yeye aliyekuwa na Nzito nyumbani na aliyefunga mia tatu na kumi na moja kwa mikono yake: "Nikiinunua leo, nani atakuja kuifunga?"

Binti alilisoma dakika ile ile, akaelewa, na hofu ikamshika. Aliandika jibu akalifuta, akaandika akalifuta, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, asijue kwamba Jumatatu tarehe 6 baba yake alikuwa amelazwa wodi ya wanaume, kitanda cha tano, kwa sababu marehemu alimkataza mpwa asimwambie mtu, akisema atakuwa nyumbani kufikia Ijumaa. Mpwa alitii, na leo anakiri mbele yenu kwamba utii ule ni kosa, na litabaki kuwa kosa lake. Jumanne simu ya marehemu iliisha chaji ikawekwa kwenye droo ya kando ya kitanda. Kila mpwa alipofika aliulizwa jambo moja, kama kuna jibu lolote limekuja, naye, asijue ni jibu la nini, alidhani ni la vipimo, akasema bado. Alhamisi tarehe 9 Mei, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Binti aliandika: "Nitakuja mimi, Baba. Jumamosi asubuhi."

Marehemu alifariki dunia siku ya Ijumaa tarehe 10 Mei 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini. Mpwa aliichaji simu saa tano ili apate namba za ndugu wa kuwaarifu, na ilipowaka ndipo jibu likaingia.

Wapo katika familia waliotaka tuseme hapa kwamba aliliona, au kwamba alisomewa na muuguzi, ili mioyo itulie. Binti amekataa. Amesema baba yake alimweleza kila mteja ukweli wa mashine hata pale ukweli ulipomnyima mauzo, na hatazikwa kwa uongo, hata ule wa huruma. Kwa hiyo inasomwa ilivyo: hakuliona. Aliuliza, akangoja siku sita, akaondoka hajajibiwa.

Ameacha mtoto mmoja, dada mmoja na mpwa mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemfunga vifungo vya shati kila alipotaka kuonekana nadhifu kwa ajili ya mgeni ambaye hakumtaja. Inawashukuru majirani waliogawana zamu za kumpelekea uji, na jirani wa ukuta mmoja aliyegundua kwamba Jumatano ile mashine haikulia. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa supamaketi, akiwemo msimamizi aliyesaini ile barua ya adabu na ambaye leo amebeba jeneza upande wa mbele. Inawashukuru vijana kumi na wanne wa duka la kwenye simu, waliofunga kazi nusu siku ili wamzike mteja wasiyewahi kumwona.

Mjomba, swali lako limejibiwa kwa kuchelewa, na aliyechelewa ameketi hapa, mkono wake juu ya sanduku lako, tangu alfajiri hajauondoa. Aliyekuja ni yeye. Pumzika kwa amani.